Mkono mzito wa poka: uuvunge, uuotee au uugonge?

Fundi wa pikipiki huwa hanyamazi. Tukishakaa barazani pale Chikongola, Mtwara, baada ya isha, birika la kahawa likizunguka na kashata ziko kwenye sinia, yeye ndiye redio yetu: bei ya korosho, bodaboda iliyomzimikia njia ya Mikindani, mpira wa jana. Usiku ule karata zikagawiwa, akachungulia mbili zake, na redio ikazimika.

Zikafunuliwa tatu za kwanza mezani: saba ya kopa, K ya shupaza, mbili ya kopa. Zamu ikamfikia. "Napita," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani. Mwalimu, aliyekaa kushoto kwake, alikuwa na K mkononi, jozi nzuri kabisa ya kuwekea dau. Akamtazama fundi, akazitazama korosho zake, akasema, "Njomba, leo umenyamaza sana. Na mimi napita." Wengine wote tukapita. Karata ya nne ikawa tisa ya kopa, tukapita tena. Ya tano ikawa nne ya kopa. Sasa kopa nne zimelala mezani, na kijana mmoja wa chuo mwenye ree ya kopa, yaani A, karata yake moja tu ya maana, akasukuma korosho ishirini katikati. Fundi akafuata, kisha akafunua saba mbili. Pamoja na ile ya mezani, saba tatu, lakini kopa tano za kijana zinazishinda. Mkono mzito kuliko yote tangu tuanze, na ulikuwa umeshakufa mikononi mwake.

Tangu siku hiyo tumebishana sana barazani kuhusu jambo moja: ukipata mkono mzito, uufiche kwa njia ipi? Maana kuficha lazima ufiche. Ukionyesha furaha watu watatupa karata zao na utabaki na dau la lazima, korosho tatu. Njia ziko tatu, na kila moja ina watu wake wanaoiapia. Nitazilinganisha kama nilivyoziona zikifanya kazi na zikishindwa, na sitaficha ninayoipenda.

Kwanza kwa yule aliyekulia kwenye wahedi wa sitini na michezo mingine ya turufu. Kule unaficha ree yako ukingoja wakati wa kuila karata ya mwenzio. Poka ni tofauti, kwa kuwa anayesema ni dau. Katika poka ya Texas Hold'em kila mtu ana karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja. Unatengeneza mkono wa karata tano bora kutoka katika hizo saba. Kuna raundi nne za dau, na zamu ikikufikia unaweza kupita (kubaki bila kuweka kitu, kama hakuna aliyeweka dau), kuweka dau, kufuata (kulipa dau la mwenzio), kupandisha au kutupa (kuacha karata zako). Kila mojawapo ya hayo ni neno unalowaambia wenzako. Kulificha lengo lako ni kuchagua neno gani useme.

Sisi tunacheza kwa korosho ghafi zenye maganda yake, sitini kwa kila mtu, na usiku ukiisha zote zinarudi kwenye kiroba. Hakuna anayeondoka na kitu. Poka ya pesa ni ya majumba yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa waliotimiza miaka 18. Wengi wetu dini inatukataza kabisa, na hilo halina mjadala barazani.

Kuvunga

Kuvunga ndicho alichofanya fundi: una mzigo, lakini unapita, unafuata kwa unyonge, unajifanya huna habari. Lengo ni wenzako wajiamini, waweke dau wenyewe, na wale wenye karata dhaifu wabaki mchezoni hadi wapate kitu kidogo cha kukulipia.

Uzuri wake ni wa kweli. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mwaka 1988 huko Las Vegas, mwisho wa mashindano makuu ya World Series of Poker. Wamebaki wawili, Johnny Chan na Erik Seidel. Chan ana J na 9. Mezani zinakuja Q, 8 na 10, kwa hiyo Chan ana mfuatano uliokamilika tangu mwanzo: 8, 9, 10, J, Q. Seidel ana Q, jozi kubwa kuliko zote mezani. Chan hakuupigia kelele mkono wake. Hadi karata ya tano inafunuliwa alipita tena, na Seidel akamwaga korosho zake zote, kama tungesema sisi. Chan akafuata, na ubingwa ukawa wake kwa mwaka wa pili mfululizo.

Watu wakisikia kisa hicho wanaanza kuvunga kila mkono. Wanasahau kuangalia mambo yaliyomzunguka Chan. Alikuwa na mpinzani mmoja tu. Mpinzani huyo alikuwa na kitu mkononi, tena kitu cha kujivunia. Na hakukuwa na karata moja ambayo ingeweza kumwokoa Seidel. Zilihitajika mbili mfululizo, tena kwa bahati ya ajabu. Kungoja hakukumgharimu Chan kitu.

Sasa mweke fundi pembeni yake. Wapinzani watano. Kopa mbili mezani tangu mwanzo. Na kijana mwenye ree ya kopa alihitaji kopa mbili mfululizo, jambo linalotokea mara 4 hivi katika 100, lakini alipewa zote mbili bure! Fundi angeweka hata korosho sita kwenye zile karata tatu za kwanza, kijana angetupa, mwenyewe alikiri. Na huyo ni mwenye kopa moja. Mwenye kopa mbili mkononi na mbili mezani ana nafasi 9 katika karata 47 asizoziona, yaani kama 19 kwa 100 kwa karata inayofuata, na kama 35 kwa 100 akioneshwa zote mbili. Kumpitishia mtu huyo bila dau ni kumpa tiketi ya bure ya basi litakalokugonga.

Hata ree mbili, mkono bora kabisa wa kuanzia, ambao hukujia mara moja katika 221, unadhoofika ukiwakaribisha watu. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, zikifunuliwa zote hadi mwisho, ree mbili hushinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wawili, 73. Watatu, 64. Wanne, 56. Ukikaa na watano walioingia kwa sababu ulivunga, ni 49. Mkono ule ule. Nilipowasomea wenzangu namba hizi mwalimu alizinakili nyuma ya daftari la mahudhurio.

Lakini kasoro kubwa ya kuvunga kwetu haimo katika namba. Imo katika lugha. Sisi sote tumelelewa na neno moja: kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi zetu walitufundisha kumwogopa aliyenyamaza. Mtu wa Mtwara akimwona mwenzake msemaji amekauka ghafla, hahitaji kitabu cha poka kumwambia pana kitu. Mwalimu alimtupia fundi methali ile bila hata kuitamka. Kuvunga kunawezekana kwa mtu ambaye siku zote ni mkimya, na sisi barazani tunaye mmoja tu, nahodha mstaafu wa jahazi. Yeye akipita hujui kama ana K tatu au ana usingizi.

Kwa hiyo nakubali kuvunga mahali pamoja tu: mpinzani ni mmoja, ni mtu anayependa kuweka dau mwenyewe, na meza ni kavu, yaani hakuna karata mbili za aina moja, kopa mbili au shupaza mbili, wala zinazokaribiana kufanya mfuatano. Chukulia una K mbili na mezani pana K ya uru, saba ya pau, mbili ya shupaza. Hapo umeshazichukua karibu karata zote ambazo mwenzio angezitumia kukulipa. Ukiweka dau, atakulipa na nini? Mwache apate hata jozi ndogo kwenye karata ya nne, kisha uanze kudai.

Kuotea

Hii ni fupi. Unapita makusudi kama dhaifu, unangoja mwenzio aweke dau, na zamu ikikurudia unapandisha mara tatu yake. Ni njia kali. Zipo meza za majumbani zinazoikataza kwa sheria zao kwa kuwa wanaiona si uungwana, lakini kwetu inaruhusiwa, na nadhani ni haki, maana kila mmoja anajua inawezekana.

Ubora wake dhidi ya kuvunga ni kwamba haimpi mtu karata za bure kwa muda mrefu: unaficha kwa pumzi moja tu, halafu unadai. Ubaya ni kwamba unategemea mtu mwingine akufanyie kazi. Akipita naye, umejikuta umevunga bila kutaka, na karata inayofuata inafunuliwa bure. Iotee meza pale tu ambapo aliye nyuma yako ndiye aliyepandisha dau kabla karata za mezani hazijafunuliwa, kwa sababu mtu wa namna hiyo karibu kila mara ataendelea kuweka. Ukimwotea mpole utakesha.

Na usiifanye ukiwa na mkono mzito peke yake. Ukiotea mara tatu na mara zote tatu ukafunua mzigo, ya nne wote watatupa. Hilo linanipeleka kwenye njia ya tatu.

Kugonga

Kugonga ni kuweka dau lako mbele za watu, la kutosha, tangu mwanzo, kana kwamba huna cha kuficha. Watu wanashangaa: kuficha gani huko? Lakini fikiri. Lugha iliyotufundisha kuogopa kimya ndiyo iliyotufundisha pia kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Anayepiga kelele tunamdhania mtupu. Basi ukiwa na debe lililojaa, livumishe. Masikio ya wenzako yatafanya kazi iliyobaki.

Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: lazima mara nyingine debe liwe tupu kweli. Lazima uchimbe mkwara, ugonge huku huna kitu, kwa kiasi kile kile cha korosho na kwa uso ule ule. Hapo ndipo maficho yanapojengwa, wiki kabla hujapata saba zako tatu. Fundi alitaka kuuficha mkono wake usiku ule ule alioupata, na alikuwa amechelewa.

Mkwara kiasi gani? Hapa hesabu inasaidia, na si ngumu. Tuseme katikati pana korosho 20 na wewe unagonga 20. Mwenzio analipa 20 ili apate 40 zilizoko mbele yake. Akikukamata na mkwara mara moja katika tatu, hapati wala hapotezi. Kwa hiyo ukigonga kiasi hicho, kwa kila mikono miwili mizito changanya mkwara mmoja, na mwenzio hatakuwa na jibu zuri: akifuata daima anakulipa mizito, akitupa daima anakuachia mikwara. Ukigonga nusu tu, 10 kwenye 20, yeye analipa 10 ili apate 30. Mkwara uwe mmoja kwa kila mizito mitatu. Wasioamini wakae na karatasi na kalamu. Sisi tulikaa, kahawa ikapoa.

Na mkwara uuchimbe na karata gani? Watu wengi wanachimba na mkono wa kati, jozi ndogo, kwa kuwa wanaona aibu kutokuwa na kitu kabisa. Ni kosa. John von Neumann, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Budapest aliyechapisha hoja zake za kwanza kuhusu michezo ya namna hii mwaka 1928, alionyesha kwa hesabu za poka rahisi kwamba mkwara unatakiwa uchimbwe na mikono mibovu kuliko yote. Mkono wa kati una thamani yake: upite nao, unaweza kushinda karata zikifunuliwa bure. Mkono uliokufa hauna njia nyingine ya kushinda ila kuwatimua wenzako.

Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alifanya hivyo mwaka 2003 katika mashindano yale yale ya Las Vegas, walipobaki wawili yeye na Sam Farha. Moneymaker alikuwa na K ya shupaza na saba ya kopa. Mezani zikaja tisa, mbili, sita, kisha nane. Alingoja shupaza moja zaidi, au mfuatano ukamilike. Ikaja tatu ya kopa isiyomfaa kwa lolote. Hakuwa hata na jozi. Akamwaga zote. Farha, mwenye jozi ya tisa, ambaye mkono wake ndio uliokuwa bora, alifikiri kwa muda mrefu kisha akatupa. Moneymaker akaja kuwa bingwa kati ya washiriki 839, na zawadi ya dola milioni 2.5.

Kwetu watu wa korosho jambo hili lingetakiwa kuwa rahisi kuelewa. Kwa miaka mingi katika minada ya stakabadhi ghalani wanunuzi waliandika bei zao, wakazifunga, wakazitumbukiza kwenye sanduku. Aliyeandika bei ndogo ili asionekane ana haja na mzigo aliondoka bila mzigo. Siri yake ilikuwa salama ndani ya bahasha hata kama ameandika bei kubwa. Dau la poka nalo ni bahasha: ukigonga kwa kiasi kile kile, aliye nje haoni kilichomo.

Kasoro za kugonga zipo. Utapoteza korosho kwa mikwara inayokamatwa, na inauma. Wapo wachezaji wasiotupa kamwe, kazi yao kufuata hadi mwisho. Kwa hao acha mkwara kabisa, gonga mizito tu, nao watakulipa bila wewe kuficha chochote. Na mara nyingine utagonga, wote watatupa, ree zako mbili zitakuletea korosho tatu. Ivumilie. Korosho tatu si kitu ukilinganisha na zile ishirini za fundi.

Mikono na mdomo

Njia yoyote utakayoichukua, mwili unaweza kukusaliti. Ngoma ya mapiko ya Wamakonde tunaijua: mchezaji amefunikwa lipiko, yaani kinyago, kichwa kizima, nguo hadi vidoleni, na bado wapo wanaomtambua kwa jinsi anavyokanyaga. Barazani lipiko letu ni uso mkavu, na kila mtu anauweza. Kinachobaki nje ni vidole.

Nilimtazama fundi kwa wiki mbili kabla sijamwambia. Vidole vyake vina grisi isiyotoka kwenye kucha. Akiwa na mkono mzito, anaweka korosho moja moja, anazipanga mstari, kila moja mgongo juu, kama anapanga spea dukani. Akichimba mkwara anachota gao zima na kulimwaga, nyingine zinaviringika hadi chini ya mkeka. Tulikuwa tunamsoma kama gazeti, na yeye anadhani tunabahatisha. Dawa ni kufanya kila kitu namna moja. Mimi huhesabu hadi tano kimoyomoyo, kisha nasukuma rundo kwa kiganja, ziwe ree mbili au nisiwe na kitu. Nikikosa kitu, bado nahesabu hadi tano.

Kuhusu mdomo, hapa sina uvumilivu. Kuna wanaoficha mkono kwa maneno: "Sina kitu jamani, nifuateni tu," na usiku mmoja mgeni mmoja alifikia kuapa kwa jina la Mungu kuwa hana jozi, halafu akafunua mbili. Alishinda korosho arobaini. Mzee mwenye baraza alizirudisha zote kwenye kiroba bila neno, akaomba maji ya kunawa, na mchezo ukaisha. Mimi nilimuunga mkono na bado namuunga. Dau ni lugha ya mchezo. Tumekubaliana wote kabla ya kugawa karata kwamba linaweza kudanganya. Neno lako hatujakubaliana hivyo, nalo unarudi nalo nyumbani, na kesho unataka kukopa kwalo dukani. Kwa kuficha mkono, mdomo ni njia ya bei rahisi na ndiyo ya mwisho ninayoweza kumshauri mtu.

Kwa hiyo, ukikaa na watu watano unaowafahamu, gonga, na uwe umeshachimba mikwara yako mapema. Mkibaki wawili, meza kavu, na mwenzio ana pupa, vunga. Aliye nyuma yako akiwa ndiye mpandishaji, otea. Ukiwa unacheza kwenye simu na watu wasiokufahamu, sahau habari za vidole na ukimya. Wanachokiona ni kiasi cha dau na muda unaochukua, basi fanya viwili hivyo visibadilike.

Fundi aliposikia habari ya vidole vyake alinuna siku tatu. Ijumaa akarudi. Tulipomaliza birika la kwanza alikuwa ameshachimba mikwara miwili na kukamatwa yote, korosho zake zimebaki thelathini, na anaendelea kuongea habari za gesi na barabara ya Newala. Karata zikagawiwa. Mezani zikaja K ya pau, tisa ya pau, nne ya uru. Akasukuma kumi na mbili kwa kiganja, huku akituuliza nani ana namba ya muuza pweza wa Feri.

"Debe hilo," mwalimu akasema, akafuata. Akafuata na kwenye karata ya nne. Kwenye ya tano fundi akasukuma zote zilizobaki, na mwalimu, mwenye K na J, akacheka na kuhesabu zake bila haraka.

Fundi akafunua tisa mbili, na ile ya mezani ikawa ya tatu. "Sasa hiyo namba ya muuza pweza," akasema, "nani anayo?"